Barua ya wazi kwa mawaziri wa mambo ya nje wa Afrika Mashariki: kaeni kibarazani kabla ya kuingia ukumbini

Waheshimiwa Mawaziri wa Mambo ya Nje wa nchi nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki,

Nawasalimu kwa heshima.

Kwa zaidi ya miaka ishirini riziki yangu ilitoka nyuma ya kioo. Nilikuwa mkalimani wa mikutano, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, katika kile kibanda kidogo cha nyuma ya ukumbi: watu wawili, maikrofoni mbili, jagi la maji na rundo la hotuba zilizochapwa. Tulikuwa tukipokezana kila baada ya nusu saa, maana akili ya mtu haistahimili zaidi ya hapo. Sasa nimestaafu, nimerudi nyumbani Ujiji, na siri za kazi nitaendelea kuzitunza hadi kaburini. Lakini kuna jambo moja nililoliona ambalo halimvunjii mtu heshima, na ndilo linalonifanya niwaandikie.

Ulikuwa mkutano wa mawaziri, katika hoteli ya mji nisioutaja. Nchi mbili jirani zilikuwa zimenuniana na mpaka baina yao ulikuwa umefungwa kwa miezi. Asubuhi nzima tulitafsiri hotuba. Kila waziri alisoma alichoandikiwa, na sisi kibandani tulikuwa na nakala, kwa hiyo kazi yenyewe ilikuwa kufuata mstari kwa kidole. Hotuba ya waziri mmoja, iliyopangwa kusomwa baada ya chai, ilikuwa na aya ndefu kwenye ukurasa wa nne, maneno makali dhidi ya jirani. Nilikuwa nimeipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Maneno ya namna ile mkalimani huyaandaa mapema, kwa sababu ukiteleza kwa neno moja pale unaweza kuongeza moto usio wako.

Wakati wa chai nilishuka kuchukua kikombe. Wale mawaziri wawili wakajikuta mbele ya birika moja, wasaidizi wao wakiwa bado wanahangaika na simu. Mmoja akamuuliza mwenzake kwa Kiswahili, "Wewe mpaka leo huweki sukari?" Kumbe walisoma pamoja Mlimani, Dar es Salaam, enzi za ujana. Yule mwingine akacheka, akasema zamani ilikuwa kwa kupenda, sasa ni amri ya daktari. Wakasogea na vikombe vyao hadi dirishani. Waliyozungumza sikuyasikia, wala sikutaka kuyasikia. Hayakuzidi dakika kumi na tano.

Tuliporudi, waziri yule alisoma hotuba yake vizuri hadi mwisho wa ukurasa wa tatu. Akaufunua wa nne, akautazama kidogo, akaupita, akaendelea na wa tano. Nilibaki na kidole changu juu ya wino mwekundu, kisha nikaruka naye. Hakuna gazeti lililoiandika habari hiyo, na lingeiandikaje? Aya isiyosomwa haina mwandishi wa kuiripoti. Lakini mimi nilikuwa nayo mkononi, na nilimwona jirani yake upande wa pili wa meza akivua visikilizio na kuinamisha kichwa kidogo. Mpaka ulifunguliwa baada ya wiki kadhaa. Sidai kwamba ni chai ile iliyoufungua. Najua tu kwamba kama ukurasa wa nne ungesomwa, ungejibiwa, na jibu nalo lingejibiwa.

Ombi langu kwenu ni moja. Anzisheni kikao chenu cha faragha, nyinyi wenyewe mawaziri wa mambo ya nje, mara mbili kwa mwaka, ndani ya nchi zetu, bila hotuba, bila tamko la pamoja, bila msafara. Kisiwe kikao cha dharura. Kiwe na tarehe inayojulikana, kifanyike kukiwa na ugomvi na kukiwa na amani, hasa kukiwa na amani.

Mnazijua mila za kwetu. Hakuna ukoo wenye akili unaopeleka posa bila kwanza kumtuma mtu kupita pale nyumbani kama anayepita njia, akanywa maji, akasikiliza upepo unavumia wapi. Barua ya posa inapoandikwa, jibu lake limekwisha kujulikana. Ikipelekwa kwa kubahatisha ikakataliwa, ni aibu ya koo mbili, na aibu hiyo huchukua miaka kufutika. Serikali zetu zimekuwa zikipeleka posa za kubahatisha.

Mfano unaotajwa zaidi duniani ni wa Ulaya. Aprili 1974, Walter Scheel, waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani Magharibi, aliwaalika wenzake wanane wikiendi moja katika kasri la Gymnich, jengo la kale lililozungukwa na maji karibu na Cologne. Wakati ule Jumuiya yao ilikuwa na nchi tisa tu, na hewa ilikuwa nzito. Bei ya mafuta ilikuwa imepaa baada ya vita vya Oktoba 1973 kati ya Israeli na nchi za Kiarabu, Marekani ilinung'unika kwamba Ulaya inapanga mambo bila kushauriana nayo, na Uingereza, iliyojiunga Januari 1973, ilikuwa tayari inataka masharti yake yajadiliwe upya. Walikaa siku mbili. Walikubaliana, kwa mdomo tu, namna ya kushauriana na Marekani. Wakaona inafaa, na tangu hapo kila nchi inayoshika uenyekiti wa miezi sita huandaa kikao cha namna hiyo, ambacho hadi leo huitwa Gymnich ingawa hakifanyiki tena Gymnich. Hakitoi maazimio. Nchi zimefika 27 na kikao kipo. Na uzito wake ulionekana Agosti 2024, zamu ya Hungary, pale Josep Borrell, aliyekuwa mkuu wa sera za nje wa Umoja wa Ulaya, alipokihamishia Brussels badala ya Budapest kwa sababu ya mwenendo wa serikali ya Hungary kuhusu vita vya Ukraine. Watu hawagombanii kiti kisicho na maana.

Hata hivyo Ulaya ina fedha na ina mazoea yake, na najua mtu ataniambia tusiige kila kitu. Basi tutazame Asia ya Kusini-Mashariki, watu waliotoka ukoloni kama sisi.

Kati ya 1963 na 1966 Indonesia na Malaysia zilikuwa zikipigana mipakani. Ufilipino ilikuwa inaidai Malaysia eneo la Sabah. Agosti 1965 Singapore ilitolewa nje ya Malaysia. Ukiwatazama majirani wale mwaka ule, usingeweka hata shilingi moja juu ya umoja wao. Waziri wa Thailand, Thanat Khoman, aliwasuluhisha, na kwenye chakula cha jioni cha kusherehekea mapatano hayo ndipo alipomdokeza Adam Malik wa Indonesia wazo la kuanzisha jumuiya mpya. Malik akakubali palepale mezani. Agosti 1967 watu watano, Thanat, Malik, Narciso Ramos wa Ufilipino, Tun Abdul Razak wa Malaysia na S. Rajaratnam wa Singapore, wakaenda Bang Saen, mji mdogo wa pwani kusini-mashariki mwa Bangkok. Walicheza gofu, walikula pamoja, walibishana wakiwa wamevaa mashati ya michezo. Kisha wakarudi Bangkok na tarehe 8 Agosti wakatia saini hati ya kuanzisha jumuiya hiyo, ASEAN, yenye vifungu vitano tu. Vifungu vitano! Nimetafsiri rasimu zetu zenye vifungu mia na zaidi, zilizoandikwa na watu ambao hawajawahi kula meza moja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unaanzia Nairobi. Februari 1999, Abdullah Öcalan, kiongozi wa waasi wa Kikurdi aliyekuwa akitafutwa na Uturuki, alikamatwa Nairobi baada ya kutoka katika makazi ya balozi wa Ugiriki. Ilikuwa fedheha kubwa kwa Ugiriki: Waturuki waliona jirani yao amemficha adui, Wagiriki waliona serikali yao imemtoa mgeni wake. Waziri wa mambo ya nje wa Ugiriki aliondoka, akaingia George Papandreou. Kumbukeni kwamba nchi hizi mbili zilikuwa zimebaki kidogo zipigane Januari 1996 kwa sababu ya visiwa viwili vidogo vya mawe visivyo na mkazi. Papandreou na mwenzake wa Uturuki, Ismail Cem, wangeweza kuendelea kutupiana matamko kama waliowatangulia. Juni 1999, wakiwa Umoja wa Mataifa New York kwa shughuli nyingine kabisa, ya Kosovo, walikaa pembeni wakazungumza. Hawakuanza na visiwa wala anga. Walianza na mambo ambayo hakuna mtu anayeyafia: utalii, mazingira, biashara. Mwezi uliofuata maofisa wao wakaanza kukutana.

Tarehe 17 Agosti tetemeko la ardhi likaipiga İzmit, na watu zaidi ya 17,000 wakafa. Wagiriki walikuwa miongoni mwa wa kwanza kutuma waokoaji. Tarehe 7 Septemba ardhi ikatikisika Athens, na waokoaji wa Kituruki nao wakaenda. Desemba mwaka huohuo, Helsinki, Ugiriki iliondoa pingamizi lake la miaka mingi dhidi ya Uturuki kuwa mgombea wa uanachama wa Umoja wa Ulaya. Watu wengi husimulia kwamba ni matetemeko yaliyowapatanisha. Mimi naangalia tarehe. Juni ilikuja kabla ya Agosti. Ardhi ilipotikisika, tayari kulikuwa na mawaziri wawili wanaoweza kupigiana simu bila kupitia dawati la mtu. Ugomvi wa Bahari ya Aegean haujaisha hadi leo, na sitaki kuupamba, lakini vita vile vilivyonukia mwaka 1996 havijapiganwa.

Wala tusidhani tunakwenda kuazima. Nchi za Mstari wa Mbele, zilizoubeba ukombozi wa Kusini mwa Afrika chini ya uenyekiti wa Mwalimu Nyerere, hazikuwa na sekretarieti wala katiba. Zilikuwa ni watu kuitana na kukaa. Na wenzetu wa Kenya wanakumbuka Kilaguni. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,000 waliuawa, na mazungumzo yakawa yanafanyika katika hoteli jijini Nairobi, waandishi mlangoni, kila upande ukitoka unapiga kauli yake kwa ajili ya mashabiki wake. Februari 2008 Kofi Annan, aliyekuwa akiongoza usuluhishi pamoja na Benjamin Mkapa na Graça Machel, aliwachukua wajumbe wa pande zote mbili akawapeleka Kilaguni, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, mahali ambapo tembo huja kunywa maji mbele ya baraza la kulia chakula. Wakiwa kule hawakuwa na kamera ya kuichezea. Mapatano yalitiwa saini tarehe 28 mwezi huohuo. Miongoni mwa wajumbe hao alikuwamo Moses Wetang'ula, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wakati ule, na upande wa pili alikuwamo Musalia Mudavadi.

Jina hilo la Mudavadi linanileta karibu zaidi. Januari 15, 2024, mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 22 ndege za abiria za Kenya Airways zisingeruhusiwa kuruka kati ya Nairobi na Dar es Salaam, kujibu hatua ya Kenya kuikatalia Air Tanzania safari za mizigo. Tulishika vichwa. Tulidhani tumerudi 1977, mwaka Jumuiya ya kwanza ilipovunjika. Siku ileile Mudavadi, wakati ule akishika mambo ya nje ya Kenya, na January Makamba, mwenzake wa Tanzania, walizungumza kwa simu na kuahidi kwamba jambo lingemalizwa ndani ya siku tatu. Kesho yake lilikuwa limekwisha. Mambo ya namna hii kwetu tunaita kuyamaliza kiutu uzima. Ukiyapeleka kwenye kamati yanapewa namba ya jalada.

Sasa niseme linaloniuma, na naomba mnivumilie kwa sababu ninaishi kando ya Ziwa Tanganyika na ng'ambo yake ni Kongo.

Desemba 14, 2024, mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walikuwa Luanda, chini ya usuluhishi wa Angola, kuandaa mkutano wa marais wao wa kesho yake. Sehemu ngumu ya kazi ilikuwa imekwisha kufanyika: Novemba walikuwa wamekubaliana juu ya mpango wa kulishughulikia kundi la FDLR, waasi wa Kinyarwanda walioko Kongo, na kuondolewa kwa kile Rwanda inachokiita hatua zake za kujihami. Wakakwama kwenye swali moja, kama Kinshasa itazungumza uso kwa uso na M23, waasi wa mashariki mwa Kongo, au la. Mkutano wa marais ukafutwa. Wiki sita baadaye, Januari 27, 2025, M23 waliichukua Goma. Katikati ya Februari wakaichukua Bukavu.

Sisemi nani alikuwa na haki pale Luanda. Kuna wanaojua zaidi yangu. Ninachosema ni kwamba swali lile halikuzaliwa usiku ule. Lilikuwa linajulikana tangu mwanzo. Lilikuwa swali la kusemwa mapema, watu wawili wakitembea kando ya maji, mmoja akimwambia mwenzake ukweli: hapa rais wangu hawezi kupita, na sababu ni hizi, tutafute njia nyingine. Ukilisikia swali la namna hiyo kwa mara ya kwanza kwa uzito wake wote ukiwa kwenye meza yenye bendera, na marais wanasubiriwa kesho, huna pa kugeukia.

Na kilichofuata mnakijua. Machi 18 marais wa nchi hizo mbili walionana Doha, na dunia ikapata habari wakiwa wamekwisha kuonana. Aprili 25 mawaziri wao, Thérèse Kayikwamba Wagner na Olivier Nduhungirehe, walitia saini Washington hati ya kanuni za amani, Marco Rubio, waziri mwenzao wa Marekani, akiwa katikati yao. Juni 27 wakarudi kulekule kutia saini makubaliano yenyewe. Sizibezi Qatar wala Marekani. Anayezima moto nyumbani kwangu namshukuru, awe jirani au mpita njia. Lakini Goma ya Kongo na Gisenyi ya Rwanda zimegusana kiasi kwamba mama anavuka kwa mguu na beseni la nyanya kichwani, anauza, anarudi kupika chakula cha mchana. Iweje mawaziri wa miji hiyo, wote wanachama wa Jumuiya yenye makao Arusha, wapate faragha ya kuzungumza mabara mawili mbali? Tumewaachia wengine wawe wenye kibaraza.

Marais wenyewe walikuja kutia saini Washington Desemba 4, 2025. Haikupita wiki, M23 wakaingia Uvira, na maelfu ya watu wakakimbilia Burundi. Binti wa dada yangu hapa Kigoma anauza mafuta ya mawese, na mawese yake hutoka ng'ambo. Siku zile alikaa nje ya nyumba na daftari lake la madeni mapajani, akipiga namba za wateja wake wa Uvira moja baada ya nyingine, kila namba haipatikani. Hakuwa analia madeni. Alikuwa anapiga kujua nani yupo hai. Karatasi za Washington zilikuwa na siku sita.

Sasa mashaka, maana nayajua, na mengine ni yangu mwenyewe.

La kwanza ni siri. Wananchi wa nchi zetu wana sababu ya kutowaamini wakubwa wakijifungia. Tumeona viongozi wakichekeana, wakikumbatiana, na kisha kunyamaziana maovu: jirani akiwapiga watu wake, mwenzake anaita ni mambo ya ndani. Urafiki wa mawaziri unaweza kugeuka kuwa kufunikiana. Hili silifuti kwa maneno mepesi. Ndiyo maana sisemi kikao hiki kiamue chochote. Uamuzi ubaki ukumbini, kwenye Baraza la Mawaziri, kwenye mabunge yetu na lile la Arusha, mbele ya macho ya watu. Kikao kitangazwe kwamba kitafanyika, kitangazwe kwamba kimefanyika, na kila waziri ajibu bungeni kwake akiulizwa alikwenda kufanya nini. Kinachofichwa ni nani alisema nini mezani, basi.

La pili ni kumbukumbu, na hapa mimi niliyeishi kwa maneno ya watu nina hofu kubwa zaidi. Februari 9, 1990, James Baker, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alimwambia Gorbachev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, mjini Moscow kwamba majeshi ya NATO hayatasogea mashariki hata inchi moja, katika mazungumzo juu ya kuungana kwa Ujerumani. Maneno hayo hayakuingizwa kwenye mkataba wowote. Miaka zaidi ya thelathini watu wanabishana yalimaanisha nini na yalimfunga nani, na ubishi huo umetumika kuhalalisha mengi. Neno la mdomo ni zuri kwa kupimana, ni hatari kwa kuahidiana. Basi kabla ya kuagana, kila waziri na aandike kwa mkono wake mwenyewe ukurasa mmoja wa alichoelewa, amsomee mwenzake waliyezungumza naye. Kama hawakuelewana, wajue wakiwa bado wamekaa pamoja. Nimeona mara nyingi watu wawili wakitoka mkutanoni wanapongezana, na mimi niliyewatafsiria nikajua kila mmoja ameondoka na makubaliano yake.

La tatu nimelisikia likisemwa na maofisa wenu: kwetu rais ndiye mwamuzi, waziri ana nini cha kuzungumza? Ana jambo kubwa. Rais anahitaji mtu wa kumwambia, "Mheshimiwa, nimemtazama yule bwana machoni, anataka tumalize, ila ana shida hii nyumbani kwake." Ripoti ya ubalozi haiwezi kusema hivyo.

Kuhusu namna ya kufanya, nyinyi ni wajuzi kuliko mimi, ila niseme machache niliyoyaona nikiwa nyuma ya kioo. Msiende mji mkuu. Mji mkuu una ikulu, na ikulu ina itifaki. Nendeni Bagamoyo, nendeni Lamu, nendeni Rubavu au Entebbe. Njooni Kigoma, mlione ziwa linalogusa nchi tatu za Jumuiya. Siku mbili na usiku mbili, maana jambo la maana husemwa usiku wa pili. Kila mmoja aje na msaidizi mmoja, simu zikae kwa wasaidizi. Msipange viti kwa alfabeti. Na msiwatume mawaziri wa Jumuiya pale ambapo wizara hizo ni mbili tofauti. Nawaheshimu, wana Baraza lao, lakini anayebeba ugomvi wa nchi na nchi ni wa mambo ya nje. Mkataba wetu wenyewe, ibara ya 123, unazungumzia sera za pamoja za mambo ya nje na usalama. Sera ya pamoja haiandikwi na watu wanaoonana kwenye mazishi ya viongozi na Septemba New York.

Gharama msiniambie. Msafara mmoja wa mkutano wa kilele, na magari yake na posho zake, ungeendesha vikao hivi miaka.

Na zungumzeni Kiswahili. Nasema hivi nikijua najiondolea kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Tangu Februari 2021 ni lugha rasmi ya Jumuiya pamoja na Kiingereza na Kifaransa, Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, na Goma, Bukavu na Uvira watu wanalilia na kubembelezea watoto kwa Kiswahili. Katika Kifaransa na Kiingereza mawaziri wetu ni mabingwa wa kutosema kitu. Tumefundishwa hizo lugha shuleni, pamoja na namna ya kujificha ndani yake. Katika Kiswahili mtu anakuita ndugu kabla hajakukatalia, anakupa pole kabla hajakulaumu, na ukimdanganya unaona aibu mapema zaidi. Nimekaa kibandani nikisikia waziri yuleyule akizungumza lugha hizo tatu, nami naweza kuapa alikuwa watu watatu.

Najua si wote wanakimudu. Mwenzetu wa Sudan Kusini ana Kiarabu chake, wa Somalia ana Kisomali, na wengine wanakielewa kuliko wanavyokisema. Kwa hao, mkihitaji mtu, niko Ujiji. Nitakuja kwa nauli yangu. Sihitaji kibanda wala maikrofoni. Nitakaa kwenye kigoda nyuma ya mgongo wa waziri, ninong'one, na kabla hamjaondoka nitachana karatasi zangu mbele yenu nyote.

Taja tarehe tu, Mheshimiwa yeyote kati yenu atakayewahi kuwaita wenzake.

Wenu katika heshima,

Mkalimani mstaafu,
Ujiji, Kigoma